Namna ya Kumwamsha Duaij

Jumapili, 5 Januari

Saa nane na nusu mchana. Nimeamka. Mwanangu bado. Hii si haki hata kidogo! Mimi nimestaafu kihalali tangu nikiwa na miaka arobaini na tatu, usingizi wa mchana ni stahili yangu. Duaij ana miaka ishirini na minne na hajawahi kufanya kazi. Anapumzika nini?

Nikaenda kumgongea. Mapazia yamefungwa. Kiyoyozi kinanguruma, Januari hii, Kuwait nzima inaota moto! Mabaki ya vyakula vya kuagiza mpaka mlangoni. Nikamwambia amka, wanaume wa rika lako wana watoto wawili. Akafunua jicho moja. Akaniuliza, tena kwa upole, wala si kwa ujeuri: "Niamkie nini, baba?"

Nikamwambia aamke tu. Akageukia ukutani.

Munira, mke wangu, analia jikoni. Anasema watoto wa wenzake wanapotelea mitaani, wake anapotelea ndani ya blanketi, na mtaani angalau ungemfuata. Nikamwambia aniachie mimi. Hii ni kazi ya baba. Kuanzia leo naandika humu kila mbinu, ili siku akiwa mtu wa maana ajue ni nani aliyemfanya.

Uvivu ameutoa wapi? Kwangu hapana. Tangu darasa la tatu sikumwacha ahangaike na kazi za shule. Bwawa la maji la mfano, moyo wa plastiki, ramani ya jangwa lenye mchanga wa kweli, vyote vilitengenezwa na duka moja kule Hawalli, naye akapewa zawadi kila mwaka. Shahada akaichukua ng'ambo. Nimeitundika kwenye diwaniya yangu, sebule ninayopokea wanaume wenzangu kila jioni, ndani ya fremu ya dhahabu, kando ya kibano cha pua cha babu yangu mzamia lulu. Babu alizama mpaka masikio yakatoka damu. Sasa damu ile imekwenda wapi? Sijui.

Jumatatu, 6 Januari

Mbinu ya kwanza. Nimekata intaneti.

Duaij hakulalamika. Walalamikaji wakawa wengine wote. Munira tamthilia yake. Mpishi hakuweza kuonana na watoto wake kwenye simu. Mimi mwenyewe nilikosa kipindi cha pili cha mpira. Nikamchungulia Duaij: amelala, simu kifuani, anatumia laini yake mwenyewe ambayo bili yake nalipa mimi. Yarabi!

Jioni nikairudisha, maana wageni walikuwa njiani. Akaja pia Bu Jarrah, yaani baba wa Jarrah, shemeji yangu, kaka wa Munira. Huyu mtu hawezi kula dengu za kuchemsha bila kumtaja mwanawe. Jarrah ni mhandisi wa mafuta. Jarrah humwamsha mwadhini. Jarrah amesifiwa na mkuu wake. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote, "Na wako, Bu Duaij?"

Nikasema anatafakari mustakabali wake.

"Anatafakari au anakoroma? Maana nimepita dirishani pake nikasikia fikra nzito kweli."

Wakacheka. Hata mmimina kahawa aliuma mdomo, nimemwona. Nimeapa kwa Mola wangu: kabla ya sikukuu ya taifa mwezi ujao, Duaij atakuwa kazini. Nimeapa kwa sauti, bahati mbaya.

Jumatano, 8 Januari

Mbinu ya pili. Nimemleta mwalimu wa hamasa. Kijana nadhifu, kanzu inang'aa, amekuja na kipaza sauti chake. Nikamwambia msikilizaji ni mmoja na yuko kitandani. Akasema hakuna tatizo, amewahi kuhutubia wagumu zaidi.

Nilisikiliza mlangoni. Alianza vizuri: ndani yako kuna simba! Duaij akamsikiliza mpaka mwisho, mtoto ana adabu. Kisha akamuuliza, na wewe je, huamkia nini? Nilipoingia nilimkuta mwalimu ameketi ukingoni mwa kitanda anasimulia kwamba aliwahi kukaa ofisini miaka minne na siku alipoacha hakuna aliyejua ameacha. Walikuwa wameagiza baga.

Amelala kwenye kochi letu mpaka alasiri. Kipaza sauti amekisahau.

Alhamisi, 9 Januari

Mbinu ya tatu, na hii ni ya kichwa kweli. Gari lake!

Nilimpa gari kubwa la jangwani siku alipohitimu. Leo nimefungua boneti na kuchomoa waya mmoja wa betri. Anwar, dereva wetu, ndiye aliyenionyesha upi. Akaniuliza, "Baba, gari limekosa nini?" Nikamwambia aliyekosa si gari, anyamaze.

Mpango ni huu. Duaij atataka kutoka. Gari halitawaka. Atakuja kwangu mnyonge. Nami nitamwambia: mwanangu, gari ni la mtu mwenye pa kwenda. Hapo ndipo atakapozinduka. Hotuba nimeshaiandaa, ina sehemu tatu na methali moja. Samaki mkunje angali mbichi!

Jumapili, 12 Januari

Hajagundua.

Hajatoka! Gari limekaa pale pale. Anwar ananiambia paka amezaa chini yake. Hotuba nimeirudia mara nyingi hata Munira anaijua.

Jumatatu, 13 Januari

Leo kagundua. Rafiki zake wamepiga hema jangwani wakamwita. Akashuka. Ufunguo, kimya. Akajaribu tena, kimya. Nikajitokeza barazani, nikakohoa, nikaanza sehemu ya kwanza.

Hakuniacha nimalize. Ameshafungua boneti! Ameinama anachunguza, uso umekunjamana, kitu ambacho sijakiona usoni pake miaka mingi. Nikashikwa na hofu. Akiuona ule waya uliochomolewa nimeumbuka. Nikamsukuma pembeni, nikamwambia pisha, mimi magari nayajua tangu kabla hujazaliwa. Nikaushika waya nikaubandika haraka. Kumbe nimeubandika pasipo pake.

Lahaula! Cheche! Moshi! Harufu ya kitu ghali kinachoungua. Nyusi yangu ya kulia imepungua nusu. Paka na wanawe wametimka wote.

Gari limekufa kabisa. Limebebwa mpaka Shuwaikh, kwenye gereji ya mzee mmoja Mwajemi, Rustam, anayemfahamu Anwar. Nikaona hapa pana adhabu nzuri. Nikamwamuru Duaij aende nalo mwenyewe, aketi pale kwenye vumbi na makelele mpaka limalizike. Ajue dunia ilivyo.

Jumanne, 14 Januari

Alfajiri nimesikia nyayo ngazini. Mwizi! Nikashika fimbo ya babu. Nikashuka polepole.

Ni Duaij. Amevaa viatu.

Munira akaja mbio, akampapasa paji la uso, akaanza kumsomea aya. Mtoto akacheka, akasema hajambo, ila leo Rustam anafungua alteneta, kile kifaa cha kuchaji betri, na yeye anataka kuona ndani mna nini. Akachukua mkate, akala akiwa amesimama, akaondoka. Tukabaki tunatazamana. Munira akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia siri ya baba.

Ijumaa, 17 Januari

Gari lilipona juzi. Lakini yeye bado anakwenda! Leo tu ndiyo hakwenda, kwa kuwa gereji imefungwa, na nimemwona anazungukazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Ameifungua mashine ya kufulia. Imeacha kutetemeka.

Anakula jamani! Sinia la machbusi, wali wetu wa viungo, limerudi jikoni jeupe. Kucha nyeusi, Munira amezitazama akamwongezea nyama. Na maneno anayo. Mezani leo ametusimulia: "Baba, alikuja mtu na gari linalia kama mbuzi wa kuchinjwa, kila mtu anageuka. Limeondoka kimya. Nimelinyamazisha mimi." Alisema hivyo, mimi, akajigusa kifua. Ikabidi nitazame sahani yangu.

Saa nne usiku amelala fofofo. Munira amesali rakaa mbili za shukrani. Nimemkumbusha kwamba yote haya yametokana na cheche yangu.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekwenda kupeleleza. Nimejificha kiti cha nyuma, Anwar anaendesha, miwani ya jua, kilemba mpaka puani.

Nimemwona. Amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya lori, miguu tu iko nje. Rustam anampigia kelele: "Wewe mtoto wa jumba, nimesema spana ya kumi na tatu! Hiyo ni ya kufungulia jeneza la nani?" Na Duaij huko chini anacheka. Anacheka kwa sauti!

Kicheko hicho nakijua. Mara ya mwisho alikuwa na miaka saba, alifungua redio yangu yote akaitandaza zuliani. Nilimnunulia redio mpya na bisibisi nikamnyang'anya, asije akajikata. Sikukisikia tena mpaka leo. Anwar akanipitishia karatasi ya kufutia machozi bila kugeuka.

Hapo likapita gari ninalolijua. Bu Jarrah! Nikajitupa chini ya kiti. Sidhani kama ameniona.

Jumapili, 19 Januari

Hakuniona mimi. Amemwona Duaij.

Diwaniya ilijaa. Makaa mazuri, maziwa ya tangawizi, mimi nimestarehe. Nikatangaza kwamba Duaij sasa yuko upande wa uhandisi, mitambo mizito. Bu Jarrah akamenya baklaa zake, maharage yetu mapana, moja, mbili, taratibu, akitabasamu. Kisha akaanza. Jana breki zake zilikuwa zinapiga kelele, akaingia gereji moja Shuwaikh. Na nani anateleza kutoka chini ya gari?

"Kama panya buku, wallahi! Mweusi kuanzia hapa mpaka hapa! Namtazama, ananitazama, ananiambia shikamoo mjomba. Akazitengeneza. Nikampa robo dinari ya chai, natania tu. Akapokea! Akanishukuru!"

Ukumbi mzima ukalipuka. Kahawa ikanimwagikia kanzuni. Mzee mmoja akajaribu kuniokoa, akasema kazi ni kazi, hata huyu wa ukutani, akionyesha kibano cha babu, alipasuka mikono kwa kamba. Nikamwambia haifanani, babu alizama kwa heshima. Akaniuliza tofauti ni nini. Nikasema karibuni chai.

Bu Jarrah akiaga mlangoni: "Usijali shemeji. Oili ikinipungua najua pa kwenda. Familia ni familia."

Sitalala leo. Mtoto wa Bu Duaij kupokea bakshishi!

Jumatatu, 20 Januari

Nimemweleza Munira kwamba mchezo umekwisha, Duaij anatoka gereji. Akaacha kukata vitunguu. Akaniita kwa jina langu, akasema mtoto anaamka, Ghanim. Anaamka mwenyewe. Unataka nini tena?

Nikamwambia heshima.

"Basi hiyo heshima ukailaze kitandani kwake, maana ndiko iliko tangu amalize chuo."

Wanawake hawaelewi mambo ya nje. Nimepiga simu mbili tu. Binamu yangu ana mtu wizarani, mtu ana mtu, nafasi imepatikana kabla chai yangu haijapoa. Wengine wanasubiri miaka. Ama kweli kujuana ni mali.

Jioni nikampa Duaij habari njema. Akapangusa mikono, akanisikiliza, akasema ahsante baba, lakini hapana. Hapana! Tangu azaliwe hajanitamkia neno hilo. Nikamuuliza kwa nini. "Uliniambia niamke, baba. Nimepata cha kuamkia."

Sasa mtu mzima unajibu nini hapo? Lakini mimi si mtu wa kushindwa.

Jumatano, 22 Januari

Mbinu ya nne. Moyo.

Nimeanguka baada ya chakula cha mchana. Nilichagua zulia nene. Munira akapiga yowe, Anwar akanibeba mguu, mpishi mguu wa pili. Hospitalini daktari akanipima kila mahali, akaniambia faraghani kwamba nina moyo wa ngamia na tumbo lililojaa gesi ya dengu. Nikamsihi asiseme. Akasema hatasema, ila hatadanganya pia. Akawaambia jamaa zangu nje kwamba napaswa kupumzika. Hiyo ilinitosha.

Duaij alikuja mbio kutoka gereji, na ovaroli yake. Hakugusa shuka, asilichafue. Akapiga magoti pale kando, mikono ameinua hewani mbali na kila kitu. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayekwenda: mwanangu, niache nikuone umekaa kwenye kiti cha maana kabla sijaondoka.

Akanitazama. Kisha akatazama mezani. Lilikuwepo sinia la machbusi nililoletewa, tupu, na mifupa mitatu ya kuku. Akanitazama tena, kwa muda. Nilifumba macho nikaguna kidogo.

"Pole, baba," akasema. "Nitakwenda huko wizarani."

Akaingia msalani kunawa mikono. Maji yalitiririka muda mrefu sana. Nikafikiri amesahau kufunga bomba.

Nimeshinda!

Jumapili, 26 Januari

Siku ya kwanza. Kanzu nimempigia pasi mimi mwenyewe, yaani nilisimama hapo ikipigwa. Cheo chake: Mfuatiliaji Msaidizi wa Ufuatiliaji wa Mipango. Cheo kirefu hivyo Jarrah hana!

Amerudi kabla ya saa tatu asubuhi. Nikadhani amefukuzwa. Kumbe hapana. Idara ina watu kumi na mmoja na viti sita. Mkuu wake, muungwana sana, amemwambia aweke alama ya kidole asubuhi, aende zake, arudi aweke alama ya kidole mchana. Kiti chake ni Jumanne.

Jioni nimegawa halua. Barua ya kuajiriwa iko ukutani, fremu sawa na ya shahada. Bu Jarrah akanipongeza meno yameumana. Raha gani hii!

Alipokuwa anaondoka akanivuta nje, kwenye viatu. Hakuwa na mzaha. Akaninong'oneza kwamba Jarrah ameacha kusema na watu nyumbani. Akirudi kutoka kazini anakaa ndani ya gari uani, hashuki. Akaniuliza kama yule Rustam anachukua vijana wengine.

Nikamcheka mpaka mlinzi akageuka. Nikamwambia akitaka breki alipeleke gari lake, lakini mtoto wa mtu hapelekwi gereji. Alivaa viatu akaondoka, kimoja chake na kingine cha mtu mwingine.

Jumapili, 2 Februari

Duaij hutoka saa moja asubuhi, kidole, saa mbili yuko kitandani. Saa saba mchana, kidole, saa nane yuko kitandani. Mtumishi wa serikali!

Mashine ya kufulia imeanza kutetemeka tena. Nilimwambia, akasema mwite fundi.

Rustam amemtuma mtu na mfuko. Ndani mna ovaroli, imefuliwa, imekunjwa, jina lake limetariziwa kifuani kwa uzi mwekundu. Hakuna ujumbe. Munira ameichukua akaifungia kabatini kwake, kwenye nguo zake za harusi, na ufunguo ameuficha. Hasemi nami tangu jana. Sijui nimemkosea nini mwanamke huyu, mtoto wake ana kazi.

Jumatatu, 10 Februari

Saa nane na nusu mchana. Nimeamka.

Nimekwenda kumgongea. Mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma, mabaki mpaka mlangoni. Leo hakwenda hata kuweka kidole. Rafiki yake mmoja amegundua namna ya kuwekeana alama. Nikamwambia amka mwanangu, una cheo, una barua ukutani, mimi nimekaribia kufa kwa ajili yako!

Safari hii hakufunua hata jicho. "Niamkie nini, baba?"

Nimekaa barazani nimeshika tama. Vijana wa siku hizi! Umempa shule, umempa gari, umempa wizara, na bado. Kizazi hiki kimelaaniwa, wala si kosa la wazazi. Nani atamwamsha nikiwa sipo? Munira anapita na mboga zake kana kwamba mimi ni nguzo. Nimelia kidogo, naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Kisha nikaliona gari lake pale uani, limejaa vumbi. Paka amerudi chini yake.

Bado ninayo dawa! Ile mbinu ya waya haikuwa mbaya, ilikuwa na kosa moja tu, na kosa hilo nimelijua: nilimwacha mtoto ahangaike kwenda gereji mwenyewe. Kesho nauchomoa tena. Na safari hii namwita Rustam aje hapa hapa nyumbani, alitengeneze uani, Duaij asisumbuke hata kushuka ngazi.